Nani Alikwambia Chunusi ni Kosa Lako? Miaka 1,600 ya Lawama za Bure

Wasee, leo ni historia, na historia yenyewe iko usoni mwako.

Kama una chunusi, ama uliwahi kuwa nazo, najua ushaambiwa vitu. Shangazi alisema unakula njugu nyingi. Mwalimu alisema hunawi uso. Beshte wako alicheka akasema utafute mpenzi, zitaisha zenyewe. Mtu wa kanisa akasema unawaza mambo machafu. Na ukifungua simu, kuna mtu na filta yake anakwambia upake ndimu, ama dawa ya meno, ama krimu yake ya shilingi 1,500 ambayo "inatoa kila kitu kwa siku saba."

Hao watu wote hawajuani, lakini wanakubaliana kwa kitu kimoja: kosa ni lako. Nilitaka kujua hiyo fikra ilitoka wapi, nikasoma, na manze, imetoka mbali. Pia nikapata kwamba kila wakati watu walipokosa kujua chanzo cha chunusi, kuna mtu aliumia kwa sababu ya hiyo kutojua. Wengine waliumia hapa hapa Nairobi.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Kazi yangu ni kusoma vitu virefu nikavileta hapa kwa lugha tunayoongea. Twende.

Kwanza, mko wangapi?

Mko wengi kuliko venye kioo chako kinakuambia. Takwimu ambayo madaktari wa ngozi hutumia sana inasema karibu asilimia 85 ya watu wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Yaani darasa la watu 40, watu 34 wanazipata ama watazipata. Ukihesabu dunia nzima, wazee na watoto ndani, makadirio ni kama asilimia 9.4 ya binadamu wote kwa wakati mmoja. Hiyo inaziweka kwa orodha ya magonjwa kumi yanayopatikana sana duniani.

Na hiyo story ya "utaziacha ukimaliza shule"? Kuna utafiti wa Marekani wa 2008 uliouliza watu wazima. Kwa wale wa miaka ya ishirini na kitu, karibu nusu ya wanawake na asilimia 42 ya wanaume walisema bado wanazo. Kwa hivyo kama una miaka 24 na bado unaficha kidevu kwa picha, hujachelewa kukomaa. Uko tu kwa nusu ya darasa.

Sasa jiulize: kitu kinachopata watu wengi hivi kinawezaje kuwa dhambi ya mtu mmoja mmoja?

Nyota inayoanguka

Turudi nyuma kama miaka 1,600. Kulikuwa na mtu anaitwa Marcellus, mtu wa Bordeaux kule Ufaransa ya leo, aliyefanya kazi kwa serikali ya mfalme Theodosius I wa Roma. Aliandika kitabu kikubwa cha dawa. Dawa yake ya chunusi ilikuwa hivi: toka nje usiku, ungoje nyota ianguke. Ikiwa bado inaanguka, pangusa uso wako haraka na kitambaa, na chunusi zitaanguka nayo. Lakini chunga usitumie mkono mtupu, kwa sababu zitahamia mkononi.

Cheka, ni sawa. Lakini angalia kitu kimoja. Ukipangusa na zikose kuisha, ni nani amekosea? Si Marcellus. Ni wewe, ulichelewa, nyota ilikuwa ishapita. Hiyo ndiyo mbinu ya zamani zaidi ya kuuza dawa isiyofanya kazi, na bado inatumika. "Hukufuata maelekezo." "Hukupaka usiku." "Uliacha mapema."

Wakati daktari aligeuka mhubiri

Songa hadi karne ya 19. Huko London, daktari Robert Willan na mwanafunzi wake Thomas Bateman walikuwa wamefanya kazi ya maana sana: walipanga magonjwa ya ngozi kwa makundi, kulingana na venye yanaonekana. Chunusi zikapata mahali pake kwa vitabu. Shida ni kwamba kuzipa jina hakukueleza zinatoka wapi.

Na mahali ambapo hakuna jibu, maadili huingia. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani wa enzi hiyo walifundisha kwamba chunusi za kijana zinaonyesha anapiga punyeto. Wengine walisema ni kukaa bila ndoa. Wengine walisema ni tumbo kukosa kwenda choo. Fikiria kijana wa miaka 15 wakati huo. Uso wake ulikuwa kama tangazo la siri zake, na kila mtu mezani anamsoma.

Walikuwa wameona kitu cha kweli, hilo lazima nikubali. Waliona chunusi zinakuja pamoja na kubalehe. Lakini wakaruka kutoka "zinakuja wakati mmoja" hadi "moja imeleta nyingine." Beshte wako anayesema utafute mpenzi anarudia hesabu hiyo hiyo mbovu ya karne ya 19, na hata hajui.

Ndani ya kinyweleo

Mambo yalianza kubadilika watu walipoacha kuangalia tabia ya mtu na kuangalia ngozi kwa darubini. Miaka ya 1890, Paul Gerson Unna wa Hamburg aliona bakteria ndani ya chunusi. Huyo bakteria baadaye akaitwa *Propionibacterium acnes*, na tangu 2016 wanamwita *Cutibacterium acnes*.

Kisha 1941, mtafiti Mmarekani James Hamilton akaeleza kitu kikubwa. Alichunguza wanaume ambao korodani zao hazikuwa zikifanya kazi tangu kabla ya kubalehe. Hawakuwa na chunusi. Walipopewa homoni ya kiume, baadhi yao wakaanza kuzipata. Hapo ndipo stori ya punyeto ilipaswa kufa. Kinacholeta chunusi ni homoni, na homoni huingia mwilini hata kama wewe ni mtawa.

Leo hivi ndivyo inavyoelezwa, na ushike hii hata kama utasahau mengine yote.

Ngozi yako ina vinyweleo, na kando ya kila kinyweleo kuna tezi ndogo ya mafuta. Ukifika kubalehe, homoni zinazoitwa androjeni zinapanda. Wasichana pia wanazo, si za wanaume peke yao. Hizo homoni zinaiambia tezi itoe mafuta mengi. Wakati huo huo, seli zilizokufa za ngozi zinashikana ndani ya mlango wa kinyweleo badala ya kutoka. Mlango unaziba. Yule bakteria, ambaye anaishi kwa ngozi ya kila mtu, hata wa yule mwenye uso laini kama kioo, anapata mafuta na mahali pasipo na hewa. Anazaana. Mwili unamwona, unatuma askari wake, na vita yenyewe ndiyo ule uvimbe, uchungu na usaha.

Mafuta, kuziba, bakteria, uvimbe. Hakuna mahali nimeandika "uchafu." Hata zile nukta nyeusi puani si uchafu. Weusi wake unatoka kwa melanini na mafuta yaliyokutana na hewa. Ukisugua uso mara sita kwa siku na sabuni ya kufua, hufikii kule ndani. Unachubua tu mlango.

Na kwa nini wewe na si dada yako? Utafiti wa mapacha wa kike Uingereza uliotoka 2002 ulipata kwamba asilimia 81 ya tofauti kati ya mtu na mtu kwa chunusi inaelezwa na jeni. Kwa hivyo kama lazima tulaumu mtu, tuanze na babu zetu.

Waliolipia tiba kwa miili yao

Hapa ndipo historia inakuwa chungu.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa 1895, na haikuchukua miaka mingi kabla ya madaktari kuanza kuipiga kwa nyuso za vijana wenye chunusi. Enyewe ilifanya kazi: ilinywesha tezi za mafuta. Iliendelea kutumika Marekani hadi miaka ya 1950 na baada. Kisha wale vijana wakakua, na baadhi yao wakaanza kupata saratani ya ngozi na ya tezi ya shingo. Walikuwa na kitu ambacho kingepungua chenyewe na umri, wakapewa kitu kisichopungua.

Halafu kuna Holmesburg.

Holmesburg ilikuwa gereza la Philadelphia. Kuanzia 1951 hadi 1974, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman, alifanya majaribio kwa wafungwa huko. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, na wengi hawakuwa hata wamehukumiwa, walikuwa wanangoja kesi kwa sababu hawakuwa na pesa ya dhamana. Walilipwa dola chache. Migongo yao ikawa karatasi za kujaribia: kiraka hapa, kemikali pale. Kligman mwenyewe aliambia gazeti mwaka 1966 kwamba alipoingia mara ya kwanza, alichoona mbele yake ni ekari za ngozi. Aliona shamba, hakuona watu.

Kampuni ya Dow Chemical ilimlipa dola 10,000 ajaribu dayoksini kwa wafungwa, kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanapata chunusi mbaya za sumu. Kligman akaongeza kipimo hadi mara 468 ya kile Dow walichopanga. Wafungwa wakapata vidonda na mabaka.

Hata ule utafiti maarufu wa chokoleti umepita hapo. 1969, Kligman na wenzake walichapisha jaribio la watu 65. Zaidi ya nusu yao walikuwa wafungwa. Walipewa chokoleti, kisha kitu kingine kinachofanana na chokoleti lakini hakina kakao, na matokeo yakasema chokoleti haileti chunusi. Pesa ilitoka kwa chama cha watengenezaji wa chokoleti. Na ile ya kulinganisha ilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na chokoleti yenyewe. Ni kama kulinganisha chapati na mandazi, uone hakuna tofauti, kisha useme unga hauna shida. Kwa miaka mingi madaktari walitumia hiyo karatasi kuambia watu chakula hakihusiani kabisa.

Sasa hapa ndipo kuna uzito. Katika kazi ya hiyo miaka, Kligman pia ndiye aliyefanya tretinoini kuwa dawa ya chunusi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa jina la Retin-A. Inafungua kile kinyweleo kilichoziba, na ni moja ya dawa za maana zaidi ambazo tiba ya ngozi imewahi kupata. Zile krimu za "retino" ambazo kila mtu anatangaza leo ni za ukoo huo. Kligman alipata pesa na chuo kikuu pia. Karibu wafungwa 300 wa zamani walishtaki mwaka 2000, na kesi ikatupwa kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Chuo kiliomba msamaha 2021. Jiji la Philadelphia liliomba msamaha 2022. Kligman alikuwa amekufa tangu 2010, na wafungwa wengi pia walikuwa wamekufa.

Sisemi usitumie tretinoini. Ukiandikiwa na daktari, tumia. Nasema tu ujue kwamba hiyo tyubu ndogo ina watu ndani yake, watu weusi ambao hakuna aliyewauliza vizuri.

Nairobi, 1972

Unaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Haya, turudi nyumbani.

Ngozi nyeusi ina kitu chake. Chunusi ikiisha, mara nyingi inaacha doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Wengi wetu hatulii kwa sababu ya chunusi, tunalia kwa sababu ya doa. Na mtu anayetaka kutoa doa yuko hatua moja tu kutoka kwa mtu anayeuza krimu ya kung'arisha.

1972, jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti kutoka Nairobi. Madaktari walikuwa na wagonjwa 60 Waafrika, watu wazima, wenye ugonjwa wa figo ambapo mwili unavimba na protini inapotelea kwa mkojo. Walipouliza maswali, asilimia 53 walikubali kwamba wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilipimwa kwa mkojo wao, ikapatikana. Baadhi walipata nafuu baada ya kuacha krimu.

Soma tena hiyo. Krimu ya uso, figo zikaenda.

Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Leo vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na steroidi viko kwa orodha ya marufuku ya KEBS, na mkataba wa kimataifa wa Minamata ulitaka vipodozi vya zebaki viishe kufikia 2020. Lakini tembea katikati ya jiji uone vile vikopo visivyo na lebo, vya kuchanganywa mbele yako na kijiko. Muulize muuzaji kuna nini ndani. Atakwambia "ni mix ya kutoa pimples na madoa."

Nikueleze venye hiyo mix hukushika. Steroidi inatuliza uvimbe haraka sana. Siku ya tatu uso umelala, unaamini, unatuma picha kwa mbogi. Wiki zikiendelea ngozi inakuwa nyembamba, na steroidi yenyewe inaleta chunusi. Ukiacha, uso unalipuka. Unarudi kwa muuzaji, na muuzaji anasema nini? "Uliacha mapema." Marcellus na nyota yake, tena.

Sasa, je, chakula?

Shangazi hakukosea kabisa, na kwa sababu ya heshima lazima niseme. Kuna kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea ambako watafiti waliangalia watu 1,200, wakiwemo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25. Hawakupata mwenye chunusi hata mmoja. Wanakula viazi, matunda, samaki na nazi. Utafiti huo ulitoka 2002. Jeni zao zinaweza kuwa na mchango, lakini 2007 watafiti wa Australia walichukua wanaume 43 wenye chunusi na kuwapa baadhi chakula kisichopandisha sukari ya damu haraka. Baada ya wiki 12, chunusi za hilo kundi zilipungua kuliko za wengine.

Kwa hivyo sukari inayopanda ghafla, soda, mkate mweupe, mandazi, inaweza kuongeza moto kwa watu wengine. Lakini mafuta ya chips hayapandi kutoka tumboni kwenda usoni kama lifti. Na kupunguza soda ni ushauri, si hukumu.

Cha kubeba

Osha uso mara mbili kwa siku na sabuni laini, basi. Kwa chunusi za kawaida, duka la dawa lililosajiliwa lina benzoili peroksaidi na adapalini. Vyote vina historia ya kupimwa, na vinataka wiki nane hadi kumi na mbili, si siku saba. Zikiwa na uchungu na kuacha makovu, ona daktari mapema. Kuna vidonge vya isotretinoini, viliidhinishwa Marekani 1982, na vinafanya kazi kubwa. Lakini vinaharibu mtoto tumboni vibaya sana, kwa hivyo usinunue kwa mtu wa Instagram, na usimeze cha rafiki.

Ukiuziwa kitu, uliza maswali mawili. Kuna nini ndani? Nikitumia na kikose kufanya kazi, utasema kosa ni la nani? Kama hana jibu la kwanza, na la pili anakuangalia wewe, beba pesa yako uende.

Na shangazi akianza tena na njugu mbele ya wageni, mwambie kwa adabu: "Shangazi, ni androjeni." Kisha endelea kula.